Likizo ya Mwenye Ufunguo

4 Februari

Mama,

Salamu na heshima.

Nimepokea barua yako ya kunitaka nikague hesabu za kiwanda cha magodoro, ili benki ikupe mkopo ulinunue jengo kabla mwenye jengo hajaliuza kwa mwingine. Benki inataka hesabu zilizokaguliwa na kusainiwa kabla ya tarehe 31 Machi. Inawezekana, ila tuanze sasa.

Kwa miaka saba umenitumia kwa kazi moja tu, kujaza fomu za kodi. Naomba nikukumbushe kwamba ofisi yetu ina kazi nyingine. Tunaandika vitabu vya wasio na karani. Tunatayarisha mishahara na makato yake. Tunasajili kampuni, tunaandaa makisio ya mwaka na maombi ya mkopo, tunathamini biashara inayouzwa au inayorithiwa. Tunapima gharama za uzalishaji, yaani tunakaa na wakataji siku tatu tuone sponji inaingia kiasi gani na magodoro yanatoka mangapi. Hiyo ya mwisho nilikupendekezea mwaka wa kwanza, ukaipiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Sponji yangu naijua."

Sasa umeniomba ukaguzi, na ukaguzi una masharti matatu. Nitahesabu stoo. Nitawaandikia wateja wako wakubwa, kila mmoja athibitishe alichonunua na anachodaiwa. Na kila mwenye ufunguo atakwenda likizo siku kumi na nne mfululizo, asikanyage kiwandani wala asipige simu, huku mtu mwingine akifanya kazi yake. Stoo yako ina mwenye ufunguo mmoja, mdogo wako wa kike. Kumbukumbu za mishahara zinaonyesha hajapumzika tangu alipoajiriwa. Karani wangu atamshikia.

Mhasibu wako


6 Februari

Bwana Mhasibu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili na miwani. Nilikuita unipigie muhuri, umeniletea orodha ndefu kama ya duka la dawa. Kuandika, kusajili, kuthamini, kupima, kukagua. Kilichobaki ni ukunga tu.

Nakujibu kwa barua kwa sababu simu haina kopi. Kesho ukinigeuka, mimi nina faili.

Masharti mawili nayakubali shingo upande. Stoo hesabu. Wateja waandikie, ingawa kila barua nitaisoma kabla haijatoka, maana sijui unataka kuwachokoa nini. La tatu silielewi. Mdogo wangu nimemlea tangu ana miaka tisa, mama yetu alipofariki. Mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu, tena kwa vipande vya sponji. Wakataji wanamwita Kufuli, na jina hilo halikutoka hewani. Kwa miaka saba hesabu ya mwisho wa mwezi haijapungua godoro hata moja. Halafu wewe, katika watu wote hapa, unataka huyo ndiye atoke, na ufunguo wangu apewe karani nisiyemjua hata kwao ni wapi.

Nani anakulipa ili stoo yangu ifunguliwe? Jirani yangu muuza vitanda analitaka jengo hili mate yanamtoka. Pikipiki yako nimeiona mlangoni kwake mara mbili, na usiniambie ulikwenda kununua kitanda.

Nijibu kwa maandishi.

Mama Sponji


9 Februari

Mama,

Muuza vitanda ni mteja wangu, ni kweli. Ninachomfanyia sikuambii, na ninachokufanyia wewe simwambii. Siku ukinisikia nimeanza kukusimulia ya kwake, nifukuze siku hiyohiyo.

Likizo ni utaratibu wa kazi yetu. Mimi mwenyewe kila mwaka nafungiwa nje ya ofisi yangu wiki mbili, mwenzangu anakaa kwenye kiti changu na kupekua droo zangu. Kazi inayojulikana na mtu mmoja peke yake haiwezi kusainiwa na mkaguzi, hata mtu huyo awe malaika.

Umeniandikia kwamba hesabu haijapungua godoro hata moja kwa miaka saba, na vitabu vyako vinasema hivyohivyo. Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi. Nina sababu nyingine ambayo siiandiki leo, kwa kuwa nikiiandika nitakuwa nimemhukumu mtu kabla ya kuhesabu.

Ukikataa, nitakurudishia faili lako na malipo yako ya awali, utafute mwingine. Mimi sitasaini.

Mhasibu wako


16 Februari

Dada,

Nakuamkia kwa heshima. Nimefika kwa shangazi salama, na anakusalimu. Huku simu inashika mtandao ukipanda juu ya tangi la maji tu, na shangazi amenikataza, anasema nitamvunjia tangi. Kwa hiyo naandika, na barua anazibeba dereva wa basi la asubuhi.

Sijui nifanye nini na mikono yangu. Jana nimefagia uwanja mara tatu mpaka shangazi ameninyang'anya ufagio. Anauliza kama nimefukuzwa kazi. Nimemwambia ni likizo, akasema likizo gani ya mtu kuondoka analia. Kwa hiyo ujue kwamba nililia, si kwa kuwa nina kosa, ila ulivyoninyooshea mkono niweke ufunguo hukunitazama usoni.

Nina maombi, Dada. Hesabu ya mwisho wa mwezi isifanywe mpaka nirudi. Ikishindikana, niruhusiwe siku moja kabla yake, hata nusu siku inanitosha. Yale magodoro mawili ya kona ya mlango wa nyuma yasiguswe. Na karani wa mhasibu akikuta kitu kimepungua, wakataji wasiulizwe. Hilo ni langu mimi kulijibu.

Usiniulize kwa nini. Miaka yote hii hujanikuta na upungufu, basi niamini hizi siku chache.

Mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imenikosesha usingizi. Nimekutetea kwa mhasibu hadi nimemvunjia heshima mtu mzima na vyeti vyake, halafu wewe unaniandikia kama mtu aliyeacha sufuria jikoni na hataki mwingine afunue. Nusu siku ya nini? Magodoro mawili yana nini? Na wakataji wasiulizwe kwa sababu gani, wao ndio mashahidi wa nani?

Sasa sikiliza. Mlinzi mpya, huyu aliyeanza Januari, ameniletea daftari la getini bila hata kuitwa. Tarehe 30 Januari ameandika: "Pikapu ya kukodi, magodoro mawili, mlango wa nyuma, Kufuli." Nimemuuliza yalikuwa yanaingia au yanatoka. Anasema hakumbuki, yeye huandika kinachopita. Siku hiyo hatukuwa na oda ya magodoro mawili. Nimepekua oda zote mpaka za Desemba.

Na lipo jingine lililonikaa rohoni siku nyingi. Mshahara wako naujua, nausaini mwenyewe. Huna mtoto, huna kiwanja, chumbani kwako mna kitanda, kiti na jiko. Viatu vyako vya kazini vina viraka juu ya viraka. Mwaka juzi binti wa shangazi alipoolewa ulitoa mchango wa aibu, nikakuongezea kimyakimya ili ukoo usitucheke. Nilisema moyoni, huyu ni bahili, basi. Sasa najiuliza. Pesa inakwenda wapi? Unajenga kwa siri? Kuna mwanamume anakula? Kama yupo niambie, sitakucheka, wangapi wameliwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi kila siku nilidhani wanasema nguo za watu wengine. Niambie wewe kabla mhasibu hajaniambia. Hesabu itafanywa tarehe 26. Hupewi siku, wala nusu siku.

Dada yako


22 Februari

Dada,

Barua yako nimeisoma uani, nimesimama. Shangazi ameuliza kuna msiba gani, nimemwambia hakuna.

Sijengi. Hakuna mwanamume. Umesema umenihesabia hadi viraka vya viatu, basi endeleeni kuhesabu, wewe na mhasibu wako, kalamu mnazo nyinyi. Nikisema neno sasa hivi litaonekana ni la mtu aliyebanwa. Likizo yangu inaisha tarehe 27, lakini sitarudi mpaka uniite kama ndugu, si kama mtuhumiwa.

Mdogo wako


26 Februari

Bwana Mhasibu,

Tumehesabu leo tangu asubuhi. Bloku arobaini za sponji zimekatwa mwezi huu. Kila bloku hutoa magodoro sita ya inchi sita, hivyo ndivyo vitabu vinavyosema kwa miaka saba na hivyo ndivyo ninavyojua mimi. Yalitakiwa mia mbili na arobaini. Tukijumlisha yaliyouzwa na yaliyopo, ni mia mbili thelathini na nane.

Nakueleza ukweli, mtu wa kwanza kumshuku alikuwa karani wako. Nilimsimamisha getini nikamkagua mkoba. Nimekuta kikokotoo, mkate na mwavuli. Najua godoro haliingii mkobani, lakini nilitaka anione nimekagua. Mwombe radhi kwa niaba yangu, au usimwombe, shauri yako.

Karani huyohuyo ndiye aliyeniita nyuma ya stoo. Yale magodoro mawili ya kona, yale ambayo mdogo wangu aliniandikia yasiguswe, yana muhuri wa wakala wetu wa upande wa pili wa mji. Yule hupiga muhuri wake kwenye lebo ya kila godoro akishalipokea, ili lisichanganyike na la wengine. Maana yake ni mali niliyomuuzia, ikatoka kwangu, ikafika kwake. Inatafuta nini stooni mwangu?

Sina shahada, lakini mjinga si mimi. Mdogo wangu anatoa magodoro kwa mlango wa nyuma, wakala anauza, wanagawana. Haya mawili yamekosa mnunuzi yakarudishwa yafichwe. Pikapu ipo, muhuri upo, na barua yake ya kuniomba nisihesabu ninayo kwenye faili. Huyu nilimbeba mgongoni kumpeleka shule siku za mvua.

Wewe ulijua. Ile sababu uliyonificha ndiyo hii. Mwandikie wakala, na maneno yawe makali.

Mama Sponji


3 Machi

Kwa Mhasibu wa Kiwanda cha Magodoro,

Nimepata barua yako ya kunitaka nithibitishe manunuzi yangu. Barua yenyewe ni ya upole, lakini chini yake Mama Sponji ameongeza kwa mkono wake maneno ambayo siyarudii hapa. Nimemsamehe, nimefanya naye biashara muda mrefu.

Hesabu zangu na zake zinalingana, wala sidaiwi hata senti. Sijawahi kununua godoro lolote isipokuwa kwa risiti ya kiwanda na gari la kiwanda. Risiti zote ninazo, njoo uzione.

Kuhusu mdogo wake, mambo ni kinyume cha mnavyodhani. Mimi simnunulii kitu. Yeye ndiye ananunua kwangu. Kila mwisho wa mwezi anakuja, analipa taslimu bei ya rejareja, anachukua magodoro mawili, mara nyingine matatu, kuna miezi moja tu. Ni mara chache amekosa kuja. Alianza miaka saba iliyopita, na vitabu vyangu vya risiti vinaonyesha mia moja sitini na matatu. Wakati mmoja nilimuuliza anayapeleka wapi, akasema ni ya ndugu zake. Nikamwambia ukoo wenu mnapenda kulala. Hakucheka, nikaacha kuuliza.

Punguzo sikumpa. Mama Sponji mwenyewe alituamuru mawakala wote: hakuna punguzo kwa ndugu zake, asije mtu akatumia jina lake. Nimetii.

Wakala


5 Machi

Mama,

Nakala ya barua ya wakala naiambatanisha. Nimekwenda mwenyewe kuziona risiti, na anachosema ni kweli.

Sasa naandika ile sababu niliyokuficha. Bloku ya sponji ina ganda juu na chini. Kuna bloku inayokuja na matundu katikati, kuna iliyoinama upande, kuna inayopasuka kwenye mashine. Wenye viwanda kama chako hukadiria kwamba katika kila magodoro mia, moja, mawili au matatu hayatatokea. Sisi jambo hilo tunaliita upotevu wa kawaida, na haumhusu mtu yeyote. Vitabu vyako havikuwa na upotevu hata wa godoro moja kwa miezi themanini na minne. Hesabu ya namna hiyo haijatoka kwenye mashine, kuna mtu ameitengeneza. Na kwa uzoefu wetu, anayetengeneza hesabu na hataki likizo ni yule anayeficha wizi. Nilimshuku mdogo wako, Mama. Nilikosea, na kosa langu ni baya kuliko lako, kwa sababu mimi nimelisomea.

Alichokifanya ni hiki. Kila mwezi upotevu wa kawaida ulipotokea, alikwenda kwa wakala wako, akanunua magodoro ya kiwanda chako mwenyewe kwa mshahara wake, akayarudisha stooni ili idadi itimie. Nimepiga hesabu, ni karibu theluthi ya mshahara wake. Magodoro hayo ukayauza tena. Kwa maneno mengine, godoro lilelile umeliuza mara mbili, na katikati aliyelinunua ni mdogo wako. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba sponji hupotea.

Kazi yangu ni hesabu, kwa hiyo naishia kwenye hesabu. Kiwanda kinadaiwa naye bei ya magodoro mia moja sitini na matatu. Deni hilo lazima liingie vitabuni. Faida itashuka kidogo, benki nadhani itavumilia. Lakini siwezi kulikubali kwa risiti za wakala peke yake. Nahitaji mdogo wako athibitishe kwa saini yake kwamba alinunua, aliyarudisha, na anadai. Fomu ninaiweka ndani ya bahasha hii. Bila saini yake sisaini mimi, na bila mimi jengo litakwenda kwa mwingine. Siku zilizobaki ni ishirini na sita.

Mhasibu wako


7 Machi

Mdogo wangu,

Nimejua. Wakala amesema, risiti zimeonekana. Na ile pikapu ilikuwa inaingia.

Nimeanza barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya kukugombeza, kwa sababu nimekasirika, tena sana. Nani alikutuma? Ulifikiri mimi ni mtu wa kula mshahara wa mtoto niliyemlea? Ungenijia ukaniambia, Dada, leo bloku imetoa matano, mimi ningekufanya nini? Ningekula nyama yako? Miaka saba unapita mbele yangu na viatu vya viraka, mimi nakuona bahili, na wewe unaniacha nikuone hivyo. Hata siku moja hukufungua mdomo.

Barua ya pili nilikuomba msamaha, nikaichana kwa sababu ilikuwa na maneno mengi kuhusu mimi.

Hii nakuuliza jambo moja tu, kwa nini. Fomu ya mhasibu iko ndani. Nakwambia wazi kwamba jengo linaning'inia kwenye saini yako, maana ukija kulijua kwa mwingine utasema nilikuficha. Usisaini kwa ajili ya jengo.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Umeuliza kwa nini, nakujibu. Hukumbuki, najua, kwa sababu kwako ilikuwa siku ya kawaida.

Ulikuwa mwezi wangu wa kwanza na ufunguo, kabla ya hiyo miaka saba mnayoihesabu. Hesabu ya mwisho wa mwezi ilipungua godoro moja. Ukazima mashine, ukawaita wakataji wote watano, ukanisimamisha mbele yao. Ukasema, "Hapa kwangu hakuna ndugu. Likipungua godoro, mwizi ni mwenye ufunguo, hata akiwa amezaliwa na mama yangu." Kisha ukawasha mashine, mchana ukaniita tule. Ulikula vizuri tu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na wale watu watano walinitazama wiki nzima.

Godoro lile halikuibwa. Bloku ilikuwa na tundu ningeweza kupitisha kichwa. Lakini wewe ulisema unaijua sponji yako, na mimi nilikuamini. Nikadhani wakataji wananichezea, au mimi sijui kuhesabu, au kuna mtu ana ufunguo mwingine. Nilibadilisha kitasa kwa pesa yangu. Nilikuwa nashinda nimekaa mlangoni. Mwezi uliofuata yakapungua mawili. Nikaogopa. Nikaenda kwa wakala, nikayanunua na kuyabadilisha lebo; yale mawili ya kona likizo ilinikuta sijayabadilisha. Baada ya mwaka nilishaelewa kwamba ni sponji yenyewe, lakini ningekuambiaje? Ungeuliza miezi ya nyuma ilitimia vipi. Mtu akishaanza kuziba hawezi kuacha, kwa sababu akiacha ndipo ataonekana alianza kuiba siku hiyo.

Unasema hata siku moja sikufungua mdomo. Na wewe hata siku moja hukuuliza, mpaka ulipopata la kunishuku.

Fomu nimeisaini. Nimeisaini kwa sababu ni kweli, na nimeandika mia moja sitini na matatu, na nayadai yote. Shangazi alitaka nikusamehe nusu. Nimemwambia hapana, nusu nayo nilifanyia kazi.

Stoo sirudi. Huku nimelala siku nyingi bila kuota nahesabu, na sikujua kwamba watu hulala hivi. Utakayempa ufunguo, kabla hajaushika, mwambie kwamba sponji hupotea.

Lipo moja ambalo haliko kwenye fomu. Yale maneno uliyasema mbele ya wakataji watano. Naomba uyafute mbele yao. Waliobaki ni watatu, hao wanatosha.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Fomu imefika na mhasibu ameipokea. Anasema atasaini wiki ijayo. Nimemwambia pia aje akae na wakataji zile siku tatu, na safari hii sikutafuta kalamu nyekundu. Ufunguo ameushika karani wa mauzo kwa sasa. Nilimwambia ulichotaka aambiwe. Akaandika kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango wa stoo.

Pesa yako utaipata yote, mafungu matatu, mhasibu ameandika tarehe. Mimi sijaongeza kitu juu, nilitaka kuongeza nikaona nitakuwa nanunua. Kurudi sikuombi. Kukuona naomba, ukiniruhusu.

Kuhusu lile ambalo haliko kwenye fomu. Jana asubuhi nilizima mashine. Wale watatu wakaja, na wengine wapya nikawaita pia. Nilisema niliyoyasema miaka saba iliyopita, neno kwa neno kama ulivyoniandikia, kisha nikasema yalikuwa uongo na dhuluma. Nikawaeleza ulivyonunua, magodoro mangapi, kwa pesa gani. Nikasema sikujua. Nilitegemea wangeshtuka, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalia ofisini ili nisilie pale.

Hakuna aliyeshtuka. Mkataji mkuu akatazama chini, akasema, "Mama, sisi tulijua siku zote. Tulikuwa tunamsaidia kushusha."

Nikamuuliza mbona hamkuniambia, miaka yote hii. Akawaangalia wenzake kwanza. Kisha akasema, "Tulidhani ni wewe unayemlipisha. Tukasema, kama anamlipisha mdogo wake wa tumbo moja, sisi atatufanyaje. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kukuletea bloku mbovu uione."

Nikarudia kwamba sikujua. Nimerudia mara tatu, mdogo wangu. Wakasema, "Sawa, Mama," wakarudi kwenye mashine. Sidhani kama wameniamini.

Dada yako